MOTO WA KUMVI

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu hutumiwa kumtahadharisha mtu dhidi ya rafiki mnafiki au jamaa mwenye husuda. Ni nadra kuisikia ikitumiwa kuhusu mapafu. Hata hivyo, kwa mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Mwea aliyekuwa katika mwaka wake wa pili chuoni, kilichokuwa kikimla kilikuwa karibu naye zaidi ya nguo zake. Kilikuwa ndani ya vijia vya hewa ambavyo hakuwahi kuviwazia ila siku vilipomnyima pumzi.

Ulikuwa mwezi wa Julai, msimu ambapo baridi ya nyanda za juu hupenya hadi ndani ya blanketi. Jioni hiyo yeye na mwenzake wa chumbani walikuwa wamefanya usafi. Walifagia, wakakung'uta mablanketi na kugeuza magodoro. Ilipofika saa mbili za usiku alipiga chafya mara kadhaa, akakohoa kidogo, kisha akatulia na kulala. Saa tisa mwenzake aliamshwa na sauti iliyofanana na filimbi inayopulizwa mbali. Alipowasha taa alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikaza magotini, mabega yamepanda karibu na masikio, kifua kikihangaika ja kifua cha mtu aliyekimbizwa na nyati. Alijaribu kusema, lakini sentensi haikutoka nzima. Yalitoka maneno mawili, ikafuata pumzi, kisha likatoka neno moja. Hatimaye mwenzake alifahamu kwamba alikuwa akiambiwa aitafute inhela ya buluu mfukoni mwa koti. Baada ya mivuto michache filimbi ilififia. Saa mbili asubuhi alikuwa darasani, kalamu mkononi. Wenzake walipomjulia hali, aliwapa jibu alilokuwa amelitoa tangu utotoni: "Nilishikwa usiku. Sasa nimepona."

Katika sentensi hizo mbili fupi ndimo hatari ilimojificha.

Kiswahili kina namna kadhaa za kuizungumzia pumu. Mtu hushikwa na pumu, hubanwa na kifua, huzidiwa, kisha pumu humwachia. Yeyote aliyesoma sarufi atatambua mara moja kwamba katika vitenzi hivi mgonjwa ni mtendwa, na ugonjwa ni mtenda atokaye nje. Pumu huchorwa kama mgeni mkorofi anayebisha usiku wa manane, akavuruga nyumba, kisha akashika njia. Mgeni akishaondoka, mwenye nyumba hurudi kuwa mzima. Na mtu mzima, kwa mantiki ya kawaida, hana haja ya dawa. Hivi ndivyo kauli ya kutendwa inavyoweza kumdanganya mtu kuhusu kifua chake mwenyewe.

Majuma machache baadaye alishikwa tena, na safari hii inhela ya buluu haikufua dafu. Alipelekwa zahanati akiwa ameshikiliwa huku na huku. Alipotulia, daktari, mama wa makamo aliyesema kwa upole, alimvutia kiti karibu.

"Tangu Januari, kijana, umemaliza inhela ngapi za buluu?"

"Tano, daktari."

"Na ile ya kahawia uliyopewa mwaka jana?"

"Ipo. Bado imejaa. Huitumia ninaposhikwa sana tu."

"Na usiposhikwa, waona una ugonjwa?"

"Hapana, daktari. Nikiwa sijashikwa mimi ni mzima."

Daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ya buluu hupeperusha moshi tu. Moto uko pale pale."

Maneno hayo yalimrudisha mwanafunzi huyo Mwea, kwenye vinu vya mpunga. Huko, mpunga ukishakobolewa, kumvi hurundikwa nje ya vinu, na marundo hayo aghalabu hutiwa moto. Moto wa kumvi hauna ndimi. Juu ya rundo huonekana jivu la kijivu lililotulia kabisa, pengine na uzi mwembamba wa moshi, ilhali ndani kaa linaendelea kula polepole, mchana na usiku, siku baada ya siku. Alipokuwa na umri wa miaka saba aliwahi kulikanyaga rundo kama hilo akidhani limezimika. Kovu bado lingali katika unyayo wake wa kushoto. Sasa aliambiwa kwamba rundo jingine la aina hiyo lilikuwa kifuani mwake, na kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akilitazama jivu na kusema kwamba amepona.

Kufananisha ugonjwa na moto si jambo geni. Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia kwa hali hii limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto. Katika karne ya kwanza, Celsus, Mrumi aliyeandika kuhusu tiba, aliorodhesha dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Katika Kiswahili wengi husema uvimbe tu. Lakini uvimbe ni dalili moja kati ya nne hizo, na isitoshe, neno hilohilo hutumiwa kwa saratani. Wengine husema mchochota, neno linalobeba hisia ya kuunguza, na pengine hilo ndilo lililo karibu zaidi na kinachotendeka. Lakini mchochota wa njia za hewa una hila yake. Wekundu wake hauonekani kwa kuwa uko ndani, na hauumi kama kidonda. Mwili ambao hupiga ukelele mtu akichomwa na mwiba kidoleni hunyamaza kimya mirija ya mapafu yake ikiwa inaungua.

Moto huo huwashwaje? Kisa huanza mapema, mara nyingi utotoni, bila dalili yoyote. Katika magodoro, mito na mablanketi huishi utitiri wa vumbi, jamaa wa mbali wa wale wanaowasumbua kuku na wafugaji wao. Urefu wake ni kama thuluthi moja ya milimita, hivyo jicho tupu halimtambui. Hamng'ati mtu. Chakula chake ni vipande vya ngozi vinavyopukutika kutoka mwilini mwa binadamu, na hustawi palipo na joto na unyevu. Kisababu cha madhara ni kinyesi chake, ambacho hukauka, kikapeperuka pamoja na vumbi, kikavutwa na pumzi. Ndani ya kinyesi hicho mna kimeng'enya kinachokata protini. Kuta za njia za hewa nazo zimefunikwa na seli zilizobanana kama matofali yaliyoshikanishwa kwa saruji, na kimeng'enya hicho kina uwezo wa kuila saruji yenyewe.

Ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Seli za ukutani zikijeruhiwa hutoa protini za kutangaza hatari, miongoni mwazo intalukini 25 na intalukini 33. Huitika seli dendriti, zilizotambuliwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko Marekani, na ambazo jina lake limetokana na neno la Kigiriki la mti kwa sababu zina matawi. Seli hizo huokota kipande cha protini ngeni na kukibeba hadi kwenye tezi za limfu, ambako hukionyesha kwa seli T, mahakimu wa mfumo wa kinga. Kwa watu wengi hukumu huwa ya busara: hili ni vumbi tu, liachwe. Lakini kwa mtu mwenye mwelekeo wa mzio, mwelekeo ambao kwa kiasi fulani hurithiwa, seli T hugeuka na kuwa kundi ambalo wanasayansi huliita Th2. Mwaka 1986, Tim Mosmann na Robert Coffman, wakichunguza seli za panya, walionyesha kwamba seli T saidizi si za aina moja, bali zina makundi yanayotoa kemikali tofauti na kwa hiyo kufanya kazi tofauti.

Kundi la Th2 hutoa amri tatu kuu. Amri ya kwanza, intalukini 4, huziagiza seli B zitengeneze kingamwili E, ambayo maabara huiandika IgE. Ya pili, intalukini 5, huenda hadi ndani ya uboho wa mifupa kuita jeshi la seli ziitwazo eosinofili. Ya tatu, intalukini 13, huvifanya viwanda vya kamasi viongezeke katika njia za hewa na misuli inayoizunguka mirija iwe nyepesi wa kushtuka. Kingamwili E zikishatengenezwa husafiri na kujipachika juu ya seli nyingine zinazokaa chini ya utando wa mirija, nazo ni seli masti. Mpaka hapo mtoto hajakohoa hata mara moja. Bunduki imetiwa risasi, ikatundikwa ukutani.

Jina la seli hizo linafaa kuwa funzo kwa kila anayejitia katika kazi ya tafsiri. Anayekurupuka, akiwa na kamusi ya Kiingereza mkononi, ataziita seli za mlingoti, na atakuwa amepotea njia. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani, Paul Ehrlich, katika tasnifu yake ya mwaka 1878, na katika Kijerumani neno hilo linahusu kunenepesha mifugo. Ehrlich alizitazama kwa hadubini, akaona zimejaa chembechembe tele, akadhani kwamba zimeshiba. Kwa hivyo, mwenye kutafuta tafsiri inayoafiki nia yake angeziita seli nono. Hata hivyo, Ehrlich mwenyewe alikuwa amekosea, maana chembechembe zile hazikuwa chakula bali ghala la silaha, na iliyo maarufu zaidi miongoni mwa silaha hizo ni histamini. Jina lilizaliwa na kosa, likapita katika lugha ya pili likazua kosa jingine. Ndiyo maana mfasiri wa istilahi hana budi kuijua historia ya kitu kabla ya kukibatiza.

Neno mzio nalo lina historia ndefu. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, lenye maana ya "nyingine" na lenye maana ya "kazi", akaunda neno la kuutaja mwili uliobadilika, unaotenda kinyume na ulivyotarajiwa. Lakini ni kitu gani hasa kilichokuwa damuni mwa watu hao? Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, Heinz Küstner, ambaye hakuweza kula samaki bila kudhurika, alitoa majimaji ya damu yake. Mwenzake, Carl Prausnitz, aliyekula samaki bila taabu yoyote, alidungwa majimaji hayo katika ngozi yake mwenyewe. Kesho yake aliingiza dondoo la samaki mahali pale pale, na ngozi ikafura. Ilidhihirika kwamba mzio unaweza kusafirishwa katika damu, ingawa hakuna aliyejua chombo kinachoubeba. Chombo hicho kilijulikana zaidi ya miaka 40 baadaye, wakati mume na mke, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, na Gunnar Johansson pamoja na Hans Bennich huko Uppsala, walipokitambua kila kundi kwa njia yake. Mwaka 1968 kilikubaliwa rasmi kuwa kingamwili E. Kilichelewa kugunduliwa kwa kuwa kiasi chake katika damu ni kidogo mno. Mdharau mwiba guu huota tende.

Sasa yarejelewe mablanketi yaliyokung'utwa saa mbili za usiku. Vumbi lilipoingia kifuani, protini za utitiri ziliziunganisha kingamwili E mbilimbili juu ya seli masti. Muungano huo ndio unaofyatua bunduki. Katika muda wa dakika chache seli hizo zilimwaga histamini, kisha zikatengeneza lukotrini, kemikali ambazo uchunguzi wake ulikuwa sehemu ya kazi iliyompa Bengt Samuelsson, Msweden, Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Misuli ya mirija ilijikaza, mishipa midogo ya damu ikavuja majimaji, utando ukafura. Hicho ndicho kikohozi kidogo cha saa mbili, ambacho yeye na mwenzake walikipuuza.

Lakini mchochota una awamu ya pili, na hapa ndipo wengi hupotoshwa. Saa kadhaa baada ya awamu ya kwanza, takriban 4 hadi 8, eosinofili zilizoitwa kutoka mbali huwasili. Ehrlich huyohuyo ndiye aliyezipa jina mwaka 1879, kwa kuwa hupenda kunywa rangi nyekundu ya eosini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki la mapambazuko. Jina ni la kupendeza, matendo yake si ya kupendeza. Eosinofili humwaga protini zenye sumu ambazo huziua seli za utando wa mirija. Kamasi nzito hujaa. Mirija hubaki na tundu jembamba, hewa ikitoka kwa kusukumana, ndipo ile filimbi husikika. Fauka ya hayo, usiku wa manane mwili hupunguza homoni ya kotisoli, ambayo kwa kawaida huutuliza mchochota. Asubuhi iliyofuata marafiki walilaumu baridi, na mmoja akalaumu maziwa ya jioni. Hakuna aliyelikumbuka blanketi, kwa sababu ni vigumu kumshuku mkosaji aliyeondoka saa saba kabla ya tukio.

Iwapo mashambulizi haya yangekuja na kuondoka bila kuacha alama, labda lugha ya kushikwa na kuachiwa ingefaa. Lakini haiwi hivyo. Madaktari waliochukua vipande vidogo vya utando kutoka kwa mirija ya watu wenye pumu hafifu, ambao siku hiyo walikuwa wakipumua vizuri, walikuta eosinofili zimetulia humo. Moto haukuwa umezimika. Ukiachwa kwa miaka mingi, huigeuza nyumba yenyewe: tabaka lililo chini ya utando huwa nene, misuli hunenepa, na mrija uliokuwa ukifunga na kufunguka huanza kusahau namna ya kufunguka.

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini mwili ubuni silaha ya aina hii iwapo haiui chochote ila mwenyewe. Jibu ambalo wanasayansi wengi huliunga mkono ni kwamba silaha hiyo haikukusudiwa vumbi. Kingamwili E na eosinofili ni askari wa kupambana na minyoo, maadui ambao wamemwandama binadamu tangu jadi. Askari aliyefunzwa kumwinda chui, akikosa chui, anaweza kumfumia mbuzi mshale. Minyoo yenyewe, ikiishi mwilini kwa muda mrefu, hujifunza kuwatuliza askari hao. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Gabon, ulioonyesha kwamba watoto wenye kichocho walikuwa na ngozi isiyochokozeka sana na utitiri wa vumbi kuliko wenzao wasiokuwa na kichocho. Hapa Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a: mirija iliyojikaza baada ya kukimbia ilipatikana zaidi mjini. Hakuna anayependekeza kwamba watoto waachwe na kichocho ili waepuke pumu, maana hilo lingekuwa kuruka maji na kukanyaga matope. Aidha, si pumu zote zinazotokana na mzio. Zipo zinazoanza ukubwani bila kingamwili E kuhusika. Lakini matokeo haya yanaonyesha kwamba ugonjwa huu hauletwi na uchawi, wala si udhaifu wa mtu, wala hauambukizwi kwa kunywea kikombe kimoja. Ni ulinzi uliokosea adui.

Kutokana na hayo, tofauti ya zile inhela mbili inakuwa wazi. Ya buluu ina salbutamoli, dawa inayoilegeza misuli katika dakika chache. Haizigusi eosinofili wala haizinyamazishi seli za Th2. Ya kahawia ina steroidi, ambayo huingia hadi ndani ya kiini cha seli na kuzipunguzia sauti jeni zinazotoa amri za mchochota. Kazi hiyo huchukua siku na majuma, na mgonjwa haoni nafuu ya papo kwa papo; ndiyo maana humdanganya mwenye haraka. Hii ni dawa inayodai imani ya kila siku katika jambo lisiloonekana. Mtu mzima anayemaliza inhela 3 au zaidi za buluu kwa mwaka, zenye mivuto 200 kila moja, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya, na mwanafunzi wa Mwea alikuwa amemaliza tano hata mwaka haujaisha. Mwaka 2019, GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lililoanzishwa mwaka 1993, lilibadilisha mwongozo wake na kusema kwamba watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa dawa ya kulegeza misuli peke yake. Kila mmoja anastahili pia steroidi ya kuvuta. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo watu milioni 262 walikuwa na pumu ulimwenguni, na 455,000 walifariki kwa sababu yake. Wengi wa wanaofariki wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini kidogo, ambako moshi hupeperushwa na moto huachwa.

Sababu za vifo hivyo ni nyingi, na bei ya dawa ni mojawapo. Lakini ipo sababu moja ambayo haihitaji fedha, nayo imo mikononi mwa wanaoshughulika na lugha. Kiswahili kimewahi kujirekebisha katika jambo kama hili. Zamani mtu mwenye virusi vya UKIMWI alisemwa kwa maneno ya kumzika akiwa hai. Polepole ukaenea usemi wa "kuishi na virusi", na usemi huo ukabeba mafunzo mengi kwa maneno matatu: kwamba mwenye virusi yu hai, kwamba virusi vipo hata siku ambayo haumwi, na kwamba dawa ni ya kila siku. Hakuna kinachozuia watu kusema kuhusu mtu kwamba anaishi na pumu. Kushikwa kutabaki, kwa kuwa kushikwa ni kweli. Lakini kutakuwa jina la usiku mmoja tu, si la ugonjwa wote. Wanafunzi wa Kiswahili hukesha wakibishana iwapo tarakilishi ni bora kuliko kompyuta. Mjadala huo una nafasi yake. Lakini yapo maneno ambayo mtu hufa kwa kuyakosa, na hayo yangestahili kukeshewa zaidi.

Likizo ya Desemba ilimkuta mwanafunzi huyo nyumbani Mwea. Kwa miezi minne alikuwa ameitumia inhela ya kahawia asubuhi na jioni, na kwa muda huo hakuwa ameamka usiku kutafuta pumzi. Godoro lake alikuwa amelivika mfuko usiopenyeza vumbi, na mablanketi yalifuliwa kwa maji ya moto. Asubuhi moja bibi yake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye yeye humwita Nyanya, alimkuta uani akivuta dawa.

"Umeshikwa tena, mjukuu wangu?" aliuliza, sura imemwiva kwa wasiwasi.

"La, Nyanya. Niko sawa."

"Basi mbona unaiharibu dawa? Iweke. Utaihitaji siku ya kushikwa."

Alitaka kumweleza kuhusu kingamwili, seli masti na intalukini, lakini katika Kikuyu cha nyumbani hakuwa na hata jina moja kati ya hayo. Akageuka akatazama ng'ambo ya barabara, upande wa vinu, ambako rundo la kumvi lilikuwa na jivu tulivu juu yake. Upepo ulikuwa ukielekea kwingine, la sivyo wasingesimama hapo, maana moshi nao ni mchokozi wa kifua.

"Nyanya, rundo lile limezimika?"

Ajuza alilitazama, kisha akautazama mguu wa kushoto wa mjukuu wake. Hakujibu upesi.

"Halijazimika," alisema hatimaye. "Hilo litaungua mpaka Krismasi."

"Basi ndivyo kifua changu kilivyo. Dawa hii ni ya moto wa ndani. Ile nyingine ilikuwa ya moshi."

Nyanya alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa jambo alilolijua siku zote. Mjukuu akachukua kikombe cha maji, akasukutua mdomo na kuyatema, kama alivyofunzwa na daktari ili dawa isimwachie utando mweupe mdomoni.

"Na hayo maji?" Nyanya aliuliza. "Nayo ni ya kuzima moto?"

"Hayo ni ya kuosha mdomo tu, Nyanya," alijibu, na wote wawili wakacheka. Alicheka kwa kifua kizima, wala hakukohoa.